Pikapu Yangu ya Kilo Tatu

Pikapu ikitoka kiwandani huwa haijaisha. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili asiyekubali aache kusoma sasa hivi, tusipotezeane muda. Wenye kiwanda wanaiunda, wanaipaka rangi, wanaipiga picha. Halafu inakuja kwetu sisi wenye kazi tunaimalizia: tunaongeza springi za nyuma, vyuma bapa viwili au vitatu chini ya vile ilivyokuja navyo, ili ikibeba magunia isikalie makalio. Kule Same, kwenye gereji ya kando ya barabara kuu nilikojifunzia kazi, sikumbuki pikapu mpya iliyomaliza wiki bila kuongezwa springi. Mwenye gari alikuwa akitoka kwa muuzaji anakuja kwetu moja kwa moja, viti bado vina plastiki.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe niliondoka kabla ya mvua za vuli. Lakini leo nina gereji yangu Haltom City, Texas, ina lifti tatu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilianza kwa kubadilisha breki za watu kwenye maegesho ya apatimenti, nimelala juu ya maboksi, mpaka meneja wa pale akachoka kunifukuza akaniletea na gari lake. Hapo najisifu. Nina haki.

Basi magoti yakakataa. Binti yangu ni nesi, ameolewa Pearland, huko kusini ya Houston, na akiongea huwezi kujua nani amemzaa mwenzake. Alikuja na amri: miezi mitatu nisiiname chini ya gari. Gereji nikamwachia Mrundi mmoja, mtu mzima, tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Na ili mikono isiniwashe, binti akaniwekea boksi mezani.

"Nini hiki?"

"Gari, Baba. Unaliunga mwenyewe, halafu unaliendesha kwa rimoti."

"Mimi?"

"Siyo la watoto, Baba. Kila kitu kama pikapu ya kweli, ila imepunguzwa mara kumi. Uta-enjoy. Na unafanya ukiwa umekaa."

Nikalitazama boksi. Juu yake kulikuwa na picha ya pikapu inapanda mwamba, nyuma haina hata gunia moja. Nikajua hawa nao hawakumaliza.

Mke wangu akapita na ndoo ya nguo. "Wenzako wa umri huu wanaletewa fimbo," akasema. "Wewe umeletewa gari. Shukuru."

Ndani mlikuwa na reli mbili za chuma za chesisi, ekseli mbili, mota, bodi ya plastiki, vifuko vya gia ndogo kama meno ya panya, na skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Na kitabu cha maelekezo, kinene. Kitabu nikampa mke wangu awekee sufuria za moto. Mtu aliyeshusha injini ya lori la tani kumi kwa mnyororo na boriti moja hasomi kitabu ili aunge gari la sebuleni.

Nilipanga skrubu kwenye trei ya mayai, nikavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, nikaunga kwa siku tatu. Mwisho zikabaki skrubu nne. Nikafurahi sana. Fundi mbaya hupungukiwa, mimi nimebakiza. Nikaziacha kwenye trei kama ushahidi.

Siku ya kuliwasha mke wangu alikaa kwenye kochi, miguu juu. Nikasukuma kidude cha mafuta kwenye rimoti. Magurudumu ya mbele yakaenda mbele. Ya nyuma yakarudi nyuma. Pikapu ikabaki palepale inatetemeka, zulia likakunjamana chini yake kama paji la uso.

"Inafanya nini?" mke wangu akauliza.

"Inapasha moto."

Ilipasha moto siku mbili. Nilifungua mota, nikafungua rimoti, nikailaumu betri. Siku ya tatu mke wangu akapita na sufuria, hata hakusimama, akasema, "Ekseli ya nyuma umeigeuza chini juu."

"Umejuaje?"

"Nimeota."

Nikaigeuza. Ikaenda. Pale ningeshtuka, lakini mtu akishafanikiwa hana muda wa kushtuka.

Sasa niwaambie kuhusu mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu. Ni mhasibu kwenye hospitali moja kubwa Houston, ana nyumba Pearland, amesoma mpaka vyeti vimekosa ukuta. Yeye ni Mchaga, mimi Mpare. Na Mpare na Mchaga ni watani tangu babu zao. Mtani unamwambia lolote, hata msibani. Mkwe hutakiwi kumcheka hata akijikwaa. Je, mtu akiwa mkwe na hapohapo mtani, unafanyaje? Sisi tulikubaliana zamani: salamu ni za ukwe, yanayofuata salamu ni ya utani.

Huyu bwana, kusikia nina pikapu ya rimoti, akanunua ya kwake. Aina ileile. Ila yeye alinunua iliyokwisha kuungwa. Akatuma video kwenye kundi la familia: pikapu yake inapanda kilima cha mawe nyuma ya nyumba. Pearland yote ni tambarare kama sinia, kwa hiyo alinunua mawe akajenga mlima wake mwenyewe. Nikampigia.

"Habari za huko, mkwe."

"Njema, mkwe. Pole na magoti."

"Nimeshapoa, mkwe. Wajukuu?"

"Wazima, mkwe."

Salamu zikaisha.

"Haya, Mpare, hako kagari kako vipi? Au bado unasubiri mawe yashuke bei?"

"Mchaga, wewe umenunua lililoungwa. Hiyo ni sawa na kuzaa mtoto mwenye ndevu tayari. Uchungu wake hujui."

"Lakini linapanda."

"Langu litapanda zaidi."

"Jumapili ya ubatizo wa mjukuu mnakuja. Lilete. Pikapu ipande mpaka juu, majaribio matatu. Lisipopanda, unanipa nini?"

Kichwa kilikuwa kimeshapata moto. Nikasema, "Nakupa sanduku langu la spana."

Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu. Nikasikia kisu kimewekwa chini.

"Sanduku lile?" mkwe akauliza, naye sauti imebadilika.

"Lile. Na likipanda?"

"Likipanda, napika makande. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Nyuma yake nikamsikia mkewe anacheka mpaka anakohoa. Tangu azaliwe yule bwana hajawahi kuchemsha hata maji ya kunyoa. Na makande ni chakula chetu sisi Wapare, mahindi na maharage, ndicho alichokuwa akinitania nacho tangu harusi ya watoto.

Tukakubaliana: pikapu ipande mpaka juu, majaribio matatu. Maneno yalikuwa hayo tu. Yashikeni.

Nilipokata simu mke wangu akaniuliza swali moja. "Umeweka rehani lile sanduku kwa ajili ya toi?"

Sanduku lile nililikunja mwenyewe kwa bati la tangi la dizeli, Same, nikiwa sina hata ndevu. Ndani yake kuna spana namba kumi na tatu niliyoinoa ikawa nyembamba kama kijiko, inaingia mahali ambapo spana yoyote ya dukani inakwama. Nilipokuja Marekani, uwanja wa ndege waliniambia mzigo umezidi. Nikatoa nguo. Nilishuka Texas na shati moja na kilo ishirini za vyuma, na vyuma hivyo ndivyo vilivyonunua mashati mengine yote. Ukiona mtu anasema ningeweza kununua spana nyingine, huyo ni mhasibu.

Kwa hiyo ilibidi pikapu imaliziwe.

Nilikwenda gereji, kukaa tu, nikachukua waipa za zamani, vile vifuta mvua vya vioo vya mbele, kwenye pipa la takataka. Ndani ya raba ya waipa mna kichuma bapa, chembamba, kinanesa, hakivunjiki. Nikavikata, nikavipanga vitatu vitatu chini ya springi za nyuma, nikavifunga kwa waya. Nilipomaliza nikamwita Mrundi wangu. Akaibonyeza kwa kidole. Akaibonyeza kwa kiganja. Akataka kuikalia, nikamkataza.

"Muzee," akasema, "hii haibonyei."

"Ndiyo maana yake."

"Iko nguvu kama kitanda cha kambini."

"Asante."

"Sikukusifu, muzee."

Nikaongeza bampa ya chuma. Nikaongeza keria juu. Nikaweka tairi la akiba. Nikakata kandambili moja ya mke wangu nikatengeneza vizuia matope, na nyuma nikaandika kwa rangi yake ya kucha: MKWE TULIA. Alipoona kandambili hakusema kitu. Alipoona rangi ya kucha alisema mengi, lakini hayahusiani na ufundi.

Jumamosi tukashuka Houston. Pikapu ilipakatwa na mke wangu, kilo tatu nzima, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Sanduku lilikuwa nyuma, yeye mwenyewe alilifunika kanga, kama vile anaaga. Njia nzima hatukulitaja. Tulipofika Gulfton, mtaa wa wageni wengi hapo Houston, akasema nisimame, kuna duka analijua. Akatoka na mahindi yaliyokobolewa na maharage, kilo moja moja.

"Ya nini hayo?"

"Ukishinda atapika nini? Mawe?"

Niliendesha mpaka Pearland nikiwa nimenyooka mgongo kama mtu anayepigwa picha.

Mtoto alibatizwa, akalia vizuri. Tukala. Halafu ukoo mzima ukahamia nyuma ya nyumba. Mkwe alikuwa amevaa kofia mpya nyeupe, rimoti imening'inia shingoni kwa kamba. Sanduku langu liliwekwa kwenye meza ya barazani kando ya keki, maana alitaka lionekane. Alikuwa ameshamwambia mkewe litakaa sebuleni, juu yake kitawekwa chombo cha maua. Maua! Juu ya spana zangu!

Akaanza yeye. Niseme kweli, nilichukia kuona. Pikapu yake springi zake ni laini, kila gurudumu linajitafutia jiwe lake, moja juu moja chini, kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Dakika moja iko juu. Watu wakapiga makofi, hata binti yangu, nikamwona.

Nikaweka ya kwangu. Jiwe la kwanza sawa. Jiwe la pili ikanyanyua mguu wa mbele, ikanyanyua na wa pili, ikaanguka chali, magurudumu yanazunguka hewani. Moja.

Jaribio la pili iliruka kama imekanyaga kaa la moto, ikaangukia ubavu, tairi la akiba likachomoka likaenda mpaka miguuni kwa mkwe. Mbili.

"Mkwe," akasema, kwa heshima zote, "hii siyo pikapu. Hili ni kabati lina magurudumu." Ukoo ukavunjika mbavu. "Utulie mwenyewe sasa." Akaenda mezani akaweka mkono kwenye mpini wa sanduku.

Mimi niliutazama ule mkono. Laini, kucha safi. Na ndipo akili ikanirudia. Kule Same, mteja akiongezwa springi halafu akaendesha gari tupu, kesho yake alikuwa anarudi ameshika kiuno, anasema gari inaruka kama chura. Na sisi tulimjibu neno moja tu: pakia. Nimewajibu watu hivyo nusu ya maisha yangu, halafu nimepeleka pikapu yangu vitani ikiwa tupu! Huo ni ubwege, na nimeshauandika, hauhitaji kukumbushwa.

"Mkwe," nikasema, "toa mkono kwenye sanduku. Pikapu haijapakiwa."

"Aaaa!" Akawageukia watu wote. "Mpare kaanza kesi! Nilijua! Mpare hashindwi, Mpare anakata rufaa!"

"Tulisemaje kwenye simu? Pikapu ipande mpaka juu. Nani alisema tupu? Pikapu tupu siyo pikapu, ni picha."

Mkewe alikuwa amekaa na mjukuu mapajani. Wote tukamtazama yeye. Akamuuliza mumewe, "Mlisema iwe tupu?"

"Hatukusema, lakini mama, inaeleweka kwamba…"

"Basi apakie."

Mke wangu alikuwa ameshakwenda kwenye gari. Akaleta mahindi, akaleta maharage. Nikavipanga vizuri, vimesukumwa mbele mpaka vimegusa kebini ili pua isinyanyuke, nikafunga kwa kamba ya kiatu changu. Pikapu ikashuka upana wa kidole kimoja. Zile springi zikainama, matairi yakakaa chini yakaenea. Nawaambia, ilikaa kama imezaliwa hivyo.

Jaribio la tatu. Jiwe la kwanza. La pili, pale ilipolala chali, ikapita kama haipajui. Taratibu, inanguruma, MKWE TULIA inapanda juu kidogokidogo. Imebaki jiwe moja.

Ikasimama.

Mota inalia, magurudumu hayazunguki. Nikachungulia chini: propela shafti, chuma cha kupeleka nguvu ya mota kwenye ekseli, imechomoka, inaning'inia kama mkia. Skrubu. Mahali pa skrubu ndogo pako wazi. Nikaiona trei ya mayai kule Haltom City, na zile skrubu nne nilizojisifia.

"Kumi," mkwe akaanza kuhesabu. "Tisa. Nane."

Mke wangu akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na skrubu nne, zimefungwa kwenye karatasi ya pipi. Akachagua moja, akaniwekea kiganjani. "Ukurasa wa kumi na nne," akasema.

"Umesoma kitabu?"

"Nimemaliza darasa la saba mimi. Na sufuria hainyimi mtu kusoma."

"Na ile ndoto ya ekseli?"

"Ukurasa wa tisa."

Nikalifuata sanduku mezani. Mkono wa mkwe bado ulikuwa karibu nalo, nikalifungua mbele ya macho yake, nikatoa bisibisi yangu ndogo kuliko zote.

"Hairuhusiwi!" akapiga kelele. "Huwezi kutengeneza gari katikati ya mlima!"

"Mkwe, magari yote yanatengenezwa katikati ya mlima. Wewe umewahi kuona gari limeharibikia gereji?"

Akamgeukia mkewe. Mkewe akamuuliza, taratibu kabisa, "Mlisema asitengeneze?"

Nikalala kifudifudi kwenye majani, na suti ya ubatizo. Nyuma yangu nikamsikia binti, "Baba! Magoti!"

"Nimelalia tumbo!"

Skrubu ikaingia. Nikaikaza, nikarudi nyuma bado nimelala, nikasukuma rimoti. Pikapu ikashika jiwe la mwisho, ikasita, ikapanda. Ikasimama juu na kilo zake mbili, mahindi, maharage na kila kitu. Nilipiga kelele ambazo sitaziandika.

Mkwe akadai na yake ipakiwe mzigo uleule, haki iwe haki. Ikapakiwa. Ikaketi chini na tumbo lake kama ng'ombe aliyechoka, matairi yakasugua bodi, pakaanza kunuka plastiki. Akaupakua mzigo mwenyewe, bila kutazama mtu. Akabeba mahindi na maharage yake akaingia ndani.

Makande aliyapika. Alivaa aproni ya mkewe, akawa anatoka kila dakika tano kuuliza, "Sasa nafanyaje?" Hakuna aliyemwambia kwamba maharage yanalowekwa kwanza. Yalipofika mezani yalikuwa yanarudisha meno. Niliuma moja nikasikia mpaka sikioni.

"Matamu, mkwe?" akauliza, jasho linamtoka.

Hapo, jamani, alikuwa amenikaribisha chakula. Hilo ni la ukwe, siyo la utani. "Matamu sana, mkwe," nikasema, na nikaomba sahani ya pili. Mke wangu alinitazama nikimaliza zote mbili. Sikulala vizuri.

Kesho yake asubuhi nilikuwa barazani nafunga sanduku, tuanze safari ya kurudi. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mkwe, na pikapu yake kwapani.

"Umeamkaje, mkwe," nikamsalimu.

"Salama, mkwe. Tumbo je?"

"Zima, mkwe."

Akasugua kisigino chini kidogo. "Sasa, fundi," akasema. Miaka yote ya ukwe hajawahi kuniita hivyo. "Hizo springi unaziongezaje?"

Nikalifungua sanduku tena. Nikatoa ile namba kumi na tatu nyembamba, nikamwekea kwenye ule mkono wake laini, aipime uzito.

"Kwanza," nikamwambia, "kavue waipa za gari lako."

Akaenda mbio, hakuuliza. Mvua ya Houston ilikuwa imeshaanza kutonya.